Kuwatafuta Mafundi wa Mwanzo wa Kiwanda cha Piano cha Steinway

Mtu anayeelezwa na wazee wa ukoo kwamba babu wa babu yake alitengeneza piano kwa Steinway mjini New York hutamani, kabla ya jambo jingine lolote, kuiona orodha ya wafanyakazi yenye jina la babu huyo. Orodha kamili ya namna hiyo, inayomtaja kila aliyeshika randa tangu siku ya kwanza, haifai kutarajiwa kutoka kiwanda chochote cha karne ya 19. Viwanda vya wakati ule viliweka hesabu ya mbao, ya chuma, ya piano zilizouzwa na ya fedha zinazodaiwa, na jina la fundi liliingia daftarini pale tu lilipogusa fedha. Waliomwandika fundi mara kwa mara, tena kwa jina lake na la mke wake na la watoto wake, walikuwa karani wa sensa, mchapishaji wa kitabu cha anuani, mchungaji, karani wa mahakama na msajili wa vifo, nao karibu wote walimkuta nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo ninamshauri mtafiti aanzie mlangoni pa nyumba ya fundi, na mlango wa kiwanda aufikie baadaye.

Kabla ya kufungua daftari lolote, ni lazima kuamua neno "mwanzo" lina maana gani, kwa kuwa kiwanda hiki kilikuwa na mwanzo zaidi ya mmoja. Heinrich Steinweg, ambaye baadaye alijiita Henry Steinway, seremala na mtengenezaji wa piano kutoka mji wa Seesen katika utawala wa Braunschweig, alihamia New York pamoja na familia yake mwaka 1850, na tarehe 5 Machi 1853 yeye na wanawe walianzisha kampuni yao katika jengo dogo la Varick Street, Manhattan. Piano ya kwanza ya kampuni hiyo ilipewa namba 483, kwa kuwa inahesabiwa kwamba mzee huyo alikwisha kutengeneza 482 alipokuwa Ujerumani. Mwaka 1860 kazi ilihamia katika kiwanda kikubwa kwenye Fourth Avenue, ambayo leo inaitwa Park Avenue, kati ya barabara ya 52 na ya 53. Kisha kuanzia mwaka 1870 mwanawe, William Steinway, alinunua ardhi ya takriban ekari 400 huko Astoria, katika Queens, upande wa pili wa mto East River, akajenga kiwanda cha kupasulia mbao, kiwanda cha kusubu chuma na nyumba za wafanyakazi, huku kazi ya kuunganisha piano ikiendelea Manhattan kwa miaka mingi baadaye.

Hivyo basi fundi wa 1854, fundi wa 1864 na fundi wa 1878 hawatafutwi mahali pamoja. Wa kwanza alikuwa mmoja wa watu wachache sana, na huenda aliishi umbali mfupi tu kutoka karakana. Wa pili yumkini aliishi Kleindeutschland, mtaa wa Wajerumani uliokuwa umeizunguka Tompkins Square, au katika vyumba vya kupanga vilivyokuwa vikipanda kaskazini kuelekea kiwanda kipya. Wa tatu anaweza kuwa amevuka mto na kuhamia katika kijiji cha Steinway, au kubaki Manhattan na kuendelea na kazi palepale. Chagua kipindi kimoja na ukimalize, kwa maana anayevitafuta vyote vitatu kwa wakati mmoja hujikuta na majina mengi yasiyoungana.

Baada ya hapo soma kile kilichoandikwa na wenye kiwanda wenyewe, si kwa matumaini ya kumkuta babu yako humo, bali ili uijue kalenda ya mahali pale. Chombo kikuu ni shajara ya William Steinway, aliyoianza Aprili 1861 na kuiandika hadi mwaka 1896, mwaka aliofariki. Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, iliyo chini ya Smithsonian, imeiweka shajara hiyo kwenye intaneti ikiwa na picha za kurasa na maandishi yaliyonakiliwa, hivyo inaweza kutafutwa kwa neno. Utakuta humo migomo, mioto, hali ya hewa, mazishi, bei na ugomvi wa familia, yote yakiwa yamefinywa katika mistari michache kwa siku. Wafanyakazi hutajwa mara nyingi kwa jina la ukoo pekee, na wanaotajwa zaidi ni wasimamizi, viongozi wa mgomo na wale waliopatwa na ajali. Andika tarehe za matukio makubwa, hasa machafuko ya Julai 1863 ya kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, mgomo wa saa nane za kazi wa mwaka 1872 na ule wa 1880, kwa kuwa tarehe hizo zitakueleza baadaye ni kwa nini fundi fulani alihama nyumba ghafla au alibadilisha kazi kwa mwaka mmoja kisha akarudi.

Nyaraka za kampuni yenyewe zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika makavazi ya La Guardia and Wagner, yaliyo katika LaGuardia Community College huko Long Island City, Queens. Unapowaandikia wahifadhi, usiulize swali pana kama "mna nini kuhusu mababu zangu?" Taja jina, taja aina ya kazi, taja miaka usiyoivuka, kisha uliza ni daftari zipi za miaka hiyo zilizosalia na kama zina majina ya watu au hesabu tu. Mhifadhi anayeulizwa hivyo anaweza kukujibu kwa siku moja, ilhali barua ndefu yenye historia nzima ya ukoo humwacha akitafuta swali liko wapi. Mkusanyo mwingine unaostahili kuulizwa ni Tamiment Library ya Chuo Kikuu cha New York, yenye nyaraka za vyama vya wafanyakazi, hasa ukiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu wako alishiriki katika mgomo.

Sasa tuje kwenye sensa, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Sensa ya shirikisho hufanyika kila baada ya miaka kumi, na madaftari yenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Kuanzia 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Katika sensa za 1860 na 1870 makarani waliagizwa kutotosheka na neno "Germany" bali wataje dola husika, kama vile Prussia, Hanover, Baden au Braunschweig, na agizo hilo ni zawadi kwa mtafiti, kwa kuwa linapunguza eneo la kutafuta kutoka nchi nzima hadi jimbo moja. Sensa ya 1880 iliandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na mijini iliongeza jina la barabara na namba ya nyumba. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Januari 1921 mjini Washington, hivyo usipoteze siku kuitafuta. Ya 1900 inarudisha fadhila kwa kutaja mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuingia Marekani.

Kuna jambo moja la 1870 ambalo wageni wa kazi hii hawalijui. Wakuu wa mji wa New York walilalamika kwamba watu wao hawakuhesabiwa wote, na hesabu ikarudiwa katika majira ya baridi yaliyofuata. Hesabu ya kwanza haina anuani, lakini ya pili inayo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa Manhattan mwaka ule anaweza kuandikwa mara mbili: tumia daftari la kwanza kujua kazi yake na la pili kujua nyumba yake. Kama umri unatofautiana kwa mwaka mmoja au miwili kati ya madaftari hayo, usishtuke, kwani aliyejibu mlangoni pengine alikuwa jirani.

Jimbo la New York nalo lilikuwa na sensa zake katika miaka ya 1855, 1865, 1875, 1892, 1905, 1915 na 1925. Ya 1855 ni ya thamani kubwa kwa yeyote anayewatafuta mafundi wa Varick Street, kwa kuwa inataja idadi ya miaka ambayo mtu ameishi mjini. Mjerumani anayesema amekaa New York miaka miwili mwaka 1855 aliwasili wakati kampuni inazaliwa, na hapo umepata mwaka wa kutafutia meli yake. Sehemu kubwa ya madaftari ya Manhattan ya 1865 na 1875 haipo. Pengo la 1890 linazibwa kwa kiasi na hesabu iliyofanywa na polisi wa New York mwaka huohuo, nayo ina jina, jinsia, umri na anuani bila kazi, ila haihusu Astoria, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya mji wa Long Island City na haikuwa chini ya New York hadi mwaka 1898. Tovuti ya FamilySearch hutoa sehemu kubwa ya sensa hizi bila malipo, na akaunti hufunguliwa kwa dakika chache.

Katikati ya sensa mbili kuna miaka mitano au kumi ya kimya, na kimya hicho hujazwa na kitabu cha anuani za mji. Vitabu hivyo vilichapishwa kila mwaka, na Maktaba ya Umma ya New York imeviweka vingi kwenye intaneti. Mstari wake ni mfupi na umejaa vifupisho. Tuchukue mstari wa kubuni: "Schmidt Henry, pianomkr. h 231 E. 54". Jina la ukoo linatangulia. Kazi yake ni kutengeneza piano. Herufi "h" inamaanisha kwamba namba inayofuata ni ya nyumba anamolala, wala si ya mahali pa kazi. Na nyumba yenyewe iko namba 231, barabara ya 54 upande wa mashariki. Mwajiri hatajwi. Mtu mwenye mstari huo mkononi anapaswa kufungua ramani, aipate nyumba hiyo, kisha apime umbali wake hadi Fourth Avenue kati ya barabara ya 52 na ya 53. Fundi aliyekuwa akitembea kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi hakupanga chumba mbali na kazi bila sababu.

Fanya hivyo kwa kila mwaka, hata pale mstari unapoonekana kurudia uleule. Katika New York ya karne ya 19 mikataba mingi ya nyumba ilimalizika tarehe 1 Mei, siku ambayo nusu ya mji ilionekana barabarani na magodoro, na wachapishaji wa kitabu walianza kukusanya majina mara tu vumbi lilipotulia. Kwa sababu hiyo kitabu cha 1866 na kitabu cha 1867 vinaweza kukupa nyumba mbili tofauti za mtu mmoja, na anayeruka mwaka mmoja atadhani ni watu wawili. Angalia pia siku jina la mume linapotoweka na badala yake pakatokea mstari wa mwanamke ukiwa na "wid." na jina la marehemu: huo ndio mwaka wa kutafuta cheti cha kifo, na umeokoa gharama ya kutafuta miaka kumi. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika vitabu hivi vikavu, kwamba mjane, ambaye hakuna daftari la kiwanda lililomjali, ndiye anayekukabidhi tarehe.

Usitafute neno la piano peke yake. Piano moja ilipita mikononi mwa watu wengi wenye majina tofauti ya kazi: seremala wa kabati, mchongaji wa miguu, mpaka vanishi, mtengenezaji wa vibonye, msubu wa fremu ya chuma, mfungaji wa nyuzi, na yule aliyekaa mwisho kabisa akisikiliza na kulinganisha sauti. Karani wa sensa aliandika alichosikia, hivyo fundi aliyejenga kabati za Steinway maisha yake yote anaweza kuonekana mwaka mmoja kama "cabinetmaker", mwaka mwingine kama "pianomaker", na mwaka wa tatu kama "carpenter". Mpaka vanishi huitwa "varnisher" na hakuna chochote katika neno hilo kinachoashiria muziki.

Majina ya watu yana matatizo makubwa zaidi. Mwenye kiwanda mwenyewe ni mfano: Heinrich Steinweg akawa Henry Steinway, na mwanawe Wilhelm akawa William. Wafanyakazi wake walifanya vivyo hivyo bila kupita mahakamani. Müller aliandikwa Miller, Schmidt akawa Smith, na Johann Heinrich Christian aliyebatizwa kwa majina matatu alitumia moja tu maishani, mara nyingi lile la kati au la mwisho, kwa kuwa Johann lilikuwa la kila mtoto wa pili. Kwa hiyo unapofika kwenye rejista ya kanisa la Ujerumani ukamkosa Henry, mtafute kwa siku ya kuzaliwa, si kwa jina. Rejista hizo zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo haumudu bila mafunzo. Jizoeze kwanza kuandika jina lako la ukoo kwa mwandiko huo mara ishirini, na jicho litaanza kulitambua katikati ya ukurasa.

Mimi niliwahi kupoteza miezi kadhaa nikimfuatilia mtu mmoja ambaye mwishowe alikuwa watu wawili, wote mafundi wa piano, wote wazaliwa wa Hanover, wenye jina moja na umri uliopishana kwa mwaka. Kilichowatenganisha ni wake zao na anuani zao. Tangu siku hiyo sikubali kuunganisha kumbukumbu mbili kwa jina na kazi peke yake. Ni lazima pawe na jambo la tatu linalofanana, yaani mke, mtoto mwenye umri unaolingana, au nyumba. Nyumba ndiyo inayoaminika kuliko yote, kwa sababu watu hukosea umri wao na makarani hukosea majina, lakini namba ya mlango huandikwa kwa kutazamwa.

Astoria inadai uangalifu wa peke yake. Kijiji cha Steinway kilikuwa na nyumba za matofali za safu, kanisa, shule ya chekechea na maktaba, na baadhi ya barabara zake zilipewa majina ya watu wa familia. Baadaye Queens ilibadilisha majina ya barabara nyingi kuwa namba, hivyo anuani ya 1885 haitaonekana katika ramani ya simu yako. Ile Winthrop Avenue ya wafanyakazi, kwa mfano, leo ni 20th Avenue. Tafuta ramani za zamani za bima ya moto katika Maktaba ya Bunge la Marekani na atlasi zilizowekwa na Maktaba ya Umma ya New York, ulinganishe mpangilio wa majengo, kisha ndipo uandike anuani ya leo kando ya ile ya zamani.

Kuna na mtego mwingine Astoria, nao umewanasa watu makini. Wengi hufikiri kwamba fundi wa piano aliyeishi huko lazima alikuwa wa Steinway. Hadi katikati ya miaka ya 1880 dhana hiyo ina uzito, lakini kampuni ya Sohmer ilijenga kiwanda chake cha piano Astoria mwaka 1886, na kuanzia hapo "pianomaker" wa mtaa ule anaweza kuwa wa mmoja au wa mwingine. Upande wa Manhattan hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mji ulijaa watengenezaji wa piano, wakiwamo Weber, Steck na Decker. Ni kwa sababu hiyo ninasema kwamba sensa na kitabu cha anuani vinakufikisha karibu na kiwanda bila kukuingiza ndani.

Kinachokuingiza ndani ni karatasi chache zinazomtaja mwajiri. Iliyo bora kuliko zote, kwa mafundi wa miaka ya 1860, ni jalada la pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, linalohifadhiwa katika Makavazi ya Taifa ya Marekani mjini Washington. Wajerumani wengi wa New York walijiunga na vikosi vya jeshi la Kaskazini, na sheria ya tarehe 27 Juni 1890 iliwapa pensheni askari waliotumikia angalau siku 90 na ambao hawakuweza tena kufanya kazi za mikono, hata kama ulemavu wao haukutokana na vita. Ili kuthibitisha hilo, mzee alilazimika kuwaleta mashahidi, na mashahidi hao mara nyingi walikuwa watu waliofanya kazi benchi moja naye. Jalada la namna hiyo huweza kukueleza kazi ya mtu, muda aliofanya kazi, sehemu ya mwili iliyomshinda, nani alimbebea mzigo, na jirani aliyemjua tangu alipofika. Nakala za majalada hutolewa kwa malipo, na hujibiwa haraka zaidi ukitaja kikosi alichotumikia. Mke wa askari, akiwa mjane, naye alitakiwa kuleta ushahidi wa ndoa, kwa hiyo usiishie kwenye jalada lenye jina la mume.

Hati za uraia ni za kiasi tofauti. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mahakama yoyote yenye mamlaka ingeweza kumpa mtu uraia, na karatasi za wakati huo mara nyingi hazina zaidi ya jina, nchi aliyotoka na tarehe. Hata hivyo zina shahidi mmoja mwenye jina na anuani, na shahidi huyo alikuwa mtu anayemfahamu mwombaji kwa miaka. Mtafute shahidi katika kitabu cha anuani cha mwaka uleule. Ukikuta kwamba naye ni fundi wa piano na anaishi barabara ileile, umepata mtu wa pili wa karakana, na pengine ndiye atakayekuwa na jalada la pensheni ambalo babu yako hakuwa nalo.

Orodha za abiria waliofika New York zipo tangu mwaka 1820. Fundi aliyefika kati ya Agosti 1855 na Aprili 1890 alipita Castle Garden, kituo cha kupokelea wahamiaji. Ellis Island, kituo kilichokuja baadaye, haikufunguliwa hadi tarehe 1 Januari 1892, ingawa karibu kila ukoo husimulia kwamba babu alipitia huko. Kama aliondokea Hamburg, orodha za bandari hiyo kuanzia 1850 zimesalia na mara nyingi zinataja mji aliotoka. Kama aliondokea Bremen, nyingi za orodha zimepotea, na itakubidi utegemee upande wa kufikia.

Vyeti vya vifo vya New York hutaja kazi, miaka aliyoishi mjini, majina ya wazazi na mahali pa kuzikwa, na tangu mwaka 2022 Makavazi ya Manispaa ya New York yameruhusu picha za vyeti vingi vya kihistoria kuangaliwa bure kwenye intaneti. Aliyetoa taarifa katika cheti cha kifo hakuwa marehemu, kwa hiyo jina la mama wa marehemu hasa lichukuliwe kwa tahadhari.

Magazeti yanafaa baada ya kuwa na tarehe, si kabla. New Yorker Staats-Zeitung, gazeti la Kijerumani lililoanza 1834, lilichapisha matangazo ya vifo ambayo yaliwaalika wanachama wa vyama vya kusaidiana, vya kwaya na vya mazoezi ya viungo, na majina ya vyama hivyo ni njia nyingine ya kuwafikia wenzake wa kazini. Brooklyn Daily Eagle limewekwa bure na Maktaba ya Umma ya Brooklyn, nalo liliandika habari za Long Island mara kwa mara. Kwa upande wa wenye mali, William Steinway alitoa ushahidi mwaka 1883 mbele ya kamati ya Seneti iliyochunguza uhusiano wa kazi na mtaji, na maelezo yake yaliyochapishwa yanamsaidia mtafiti kuelewa ujira na nyumba za wafanyakazi, alimradi akumbuke ni nani aliyekuwa akizungumza.

Kama mwana wa mtu wako alimfuata kiwandani na alikuwa angali kazini mwaka 1918, kadi ya kujiandikisha jeshini ya tarehe 12 Septemba 1918 itamaliza ubishi. Iliwahusu wanaume wa miaka 18 hadi 45 ambao hawakuwa wamejiandikisha kabla ya hapo, raia na wasio raia, nayo iliuliza waziwazi jina la mwajiri na mahali pa kazi. Mtoto wa fundi wa 1875 mara nyingi alikuwa fundi wa 1918, na majina ya baba yanaweza kufuatwa kurudi nyuma kutoka kwake.

Chanzo cha mwisho hakipo katika makavazi yoyote. Mafundi wa piano walikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli herufi za majina yao, au jina zima na tarehe, mahali ambapo mnunuzi hatatazama: ubavuni mwa kibonye cha kwanza upande wa kushoto, chini ya kitanda cha vibonye, au ndani ya kabati. Piano ya zamani inapofunguliwa na fundi wa ukarabati, maandishi hayo hutokea, na si yote ni ya kiwandani, kwa kuwa wasawazishaji wa sauti wa miaka iliyofuata waliandika majina yao palepale. Tarehe inayolingana na namba ya piano inakuelekeza kwa mtengenezaji; tarehe ya miaka thelathini baadaye ni ya msawazishaji. Waandikie mafundi wa ukarabati wa piano za zamani, waeleze miaka unayoitafuta, na waombe wapige picha ya chochote watakachokikuta, pamoja na namba iliyogongwa kwenye fremu, kabla hawajapiga msasa.

Kuhusu kuweka kumbukumbu, ninatumia karatasi moja kwa kila nyumba badala ya karatasi moja kwa kila mtu. Juu ninaandika anuani ya zamani na ya sasa, chini ninaorodhesha kila aliyewahi kuishi hapo, mwaka, kazi, na daftari nililomkuta. Baada ya nyumba thelathini au arobaini, unaanza kuwaona mafundi wawili waliopanga chumba kimoja kabla ya kuoa, shemeji aliyeletwa kutoka kijiji kilekile, na msimamizi anayeishi ghorofa ya chini ya watu anaowasimamia. Kwa kila mtu ninaandika pia ni kwa kiwango gani ninaamini kwamba alikuwa wa Steinway: hakika, pale mwajiri anapotajwa kwa jina, yumkini, pale kazi, nyumba na mwaka vinapokubaliana, na haijulikani, ambayo ndiyo safu ndefu kuliko zote na haipaswi kufutwa. Watu walio hai wanaotokea katika utafiti huo, hata kama ni binamu zako, usiyaweke majina yao hadharani bila idhini yao. Nakala ya kazi yako ikishakamilika, wapelekee makavazi ya La Guardia and Wagner ukiwa umetaja daftari na ukurasa wa kila jina, ili mtu mwingine akiwauliza kuhusu fundi huyohuyo wawe na pa kumwelekeza.